Mghoi na Kamba ya Jabali la Kilumi

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe mwenye miguu mirefu ikunje, mwenzako apate pa kukaa. Mvua hii haitatuachia leo, na kunde hizi hazijimenyi zenyewe. Kila mmoja achukue konzi yake. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Nikisema, "Ya kale hayo!" nyinyi mseme, "Yalete!"

Ya kale hayo!

Yalete!

Hamjala nini? Ya kale hayo!

Yalete!

Haya, nayaleta. Yanatoka mbali. Yanatoka siku ambazo barabara haikuwepo, bati halikuwepo, na bibi yake bibi yangu alikuwa bado hajaota jino. Milima ilikuwa hii hii, lakini watu walikuwa wachache na miti ilikuwa mingi, na Jabali la Kilumi lilikuwa refu kuliko lilivyo sasa. Usicheke wewe. Majabali nayo huchoka.

Juu ya jabali hilo, karibu na ukingo, palikuwa na kijiji kikiitwa Ndighiri. Na katikati ya jabali, kwenye nyufa ambako hata nyani hafiki, walikaa nyuki. Masega yao yalining'inia pale makubwa kama ungo, meusi kwa nje, na ndani asali ya miaka na miaka. Mtu wa kuyafikia alishuka kwa kamba kutoka juu. Alishuka, akarina, akapanda. Alishuka, akarina, akapanda. Asiyekuwa na kamba aliyatazama tu kwa macho.

Basi palikuwa na mwanamke mmoja akiitwa Mghoi. Hakuwa mrembo wa kuimbwa, hakuwa mchawi, wala hakuwa binti wa mkubwa. Alikuwa mtu tu kama mama zenu. Mumewe aliitwa Mwandoe, naye ndiye aliyekuwa mrina asali wa kijiji. Walikuwa na watoto wawili wa kike: Wakesho, aliyekuwa ameota meno mapya ya mbele, na Mshai, aliyekuwa bado ananyonya.

Mghoi alikuwa na ndugu yake, jina lake Shali. Shali alikuwa msokota kamba, kazi aliyoachiwa na baba yao. Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Kabla Shali hajazaliwa, aliyekuwa akikaa na baba akimshikia ncha za kamba alikuwa Mghoi. Mikono yake ilijua kamba kabla haijajua mchi. Alipozaliwa mtoto wa kiume, Mghoi akaambiwa asante, sasa nenda jikoni. Akaenda. Ndivyo ilivyokuwa.

Mpo?

Tupo!

Sasa njaa ikaja. Mwaka huo mvua haikunyesha. Mwaka wa pili haikunyesha. Mwaka wa tatu likaja wingu moja, likasimama juu ya Kilumi asubuhi, watu wakatoka na vyungu vyao wakavipanga uani. Wingu likawatazama, likaondoka. Njaa ikala mtama uliokuwa ghalani. Ikala mbegu. Ikala mbuzi, kisha ikala ngozi za mbuzi. Watu wakachemsha magome ya miti, na ndiyo maana wazee waliiita Njaa ya Magome. Ukipita nyumba hadi nyumba ulikuta moto unawaka na chungu kinachemka, na ndani ya chungu hakuna unachoweza kukiita chakula.

Kilichobaki kilikuwa asali ya Kilumi. Lakini kamba ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Basi wazee wakaenda kwa Shali, wakamwambia, "Sokota nyingine, na uisokote upesi." Shali akachuma mkonge wa porini, akaupondaponda, akatoa katani, akasokota. Usiku na mchana alisokota. Siku ya sita kamba ikatoka, nene, ndefu, ya nyuzi tatu, na mwisho wake akatia kitanzi cha kuvisha kwenye pembe ya jiwe iliyosimama pale ukingoni.

Mwandoe akashuka siku ya kwanza, akarina, akapanda. Watoto wakalamba vidole. Akashuka siku ya pili, akarina, akapanda. Watu wakaanza kusema maneno ya kesho na keshokutwa. Siku ya tatu akashuka, akarina, akajaza kifuko cha ngozi mpaka juu, akaanza kupanda.

Hakufika.

Mghoi alikuwa msituni akibandua magome, Mshai mgongoni. Hakusikia mlio wowote. Alichosikia ni kwamba wanaume waliokuwa wakiimba kule ukingoni waliacha kuimba. Akasimama na kisu mkononi, akingoja waendelee. Hawakuendelea.

Iliwachukua nusu siku kuzunguka mpaka chini ya jabali na kurudi naye. Wakamlaza uani kwake. Kamba nayo wakaileta, maana iliangukia pale pale alipoangukia, wakaitupa kando ya ukuta kama mtu anavyotupa nyoka aliyekufa, hakuna aliyetaka kuigusa mara ya pili. Mzee Mwalugha, mkubwa wa kijiji, akasema, "Ni mizimu ya Kilumi. Tumechukua asali siku tatu mfululizo bila kuomba. Imekata kamba."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Mizimu. Ni kweli, mizimu.

Mghoi alikuwa amekaa chini kati ya wanawake wanaolia. Yeye hakulia. Machozi yanataka maji, naye hakuwa nayo. Macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani, kwenye ncha ya ile kamba. Akaangalia. Akaangalia tena. Kamba iliyokatika, wajukuu zangu, huacha ncha za manyoya manyoya, nyuzi zimechanika hapa na pale, huu mrefu, huu mfupi. Hizi zilikuwa ncha nzima. Zilikuwa zimejikunjakunja tu, kama nywele zilizofumuliwa jana.

Akajua. Pale pale, kabla mumewe hajaoshwa, akajua.

Ngoja niwaeleze, msije mkasema bibi ametuficha kitu. Kitanzi cha kamba ya jabali hakifungwi fundo. Fundo huila kamba. Unafumua mwisho wa kamba, nyuzi zake tatu zinaachana. Unaikunja kamba iwe duara, halafu unachukua uzi mmoja mmoja na kuupenyeza ndani ya mwili wa kamba yenyewe, juu ya huu, chini ya ule, unakaza. Zikipita zote tatu, huo ni mzunguko mmoja. Unarudia. Mizunguko mitano, siyo minne. Hapo kamba inajishika yenyewe, na kadiri uzito unavyozidi ndivyo inavyozidi kukaza. Lakini ukipenyeza mara mbili ukaacha, kitashika leo, kitashika kesho, halafu siku ambayo mtu amepanda na mzigo, zile nyuzi zinarudi nyuma taratibu, kidogo, kidogo, mpaka zinatoka.

Wakamzika Mwandoe. Asubuhi yake Mghoi akaichukua ile kamba, akaiweka begani, akaenda kwa ndugu yake.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti. Hakuwa amefika msibani, na watu walisema ni majonzi. Mghoi akaitupa ncha ya kamba miguuni pake.

"Ulipenyeza mara ngapi?"

"Dada, pole sana kwa..."

"Sikuja kupewa pole, Shali. Mara ngapi?"

Shali akaitazama kamba. Hakuigusa.

"Mbili."

"Baba alikufundisha ngapi?"

"Tano."

"Na juu yake ukaviringa uzi, watu wasione."

Maneno yakamtoka Shali yote kwa pamoja. "Walikuwa wamesimama hapa, dada. Hapa hapa. Mzee Mwalugha na wengine wote. Mama mmoja amebeba mtoto hana hata nguvu ya kulia. Wananiambia, Shali, bado tu? Shali, unasokota kamba au unasuka nywele? Nikasema, acha niifunike leo, kesho nitaimalizia. Kesho yake Mwandoe akashuka, akapanda. Nikasema, mbona inashika. Siku ya pili akashuka, akapanda. Nikasema..."

"Ukasema mbona inashika."

"Nilisema hivyo."

Mghoi alitaka kumpiga. Alitafuta mkono wa kumpigia akakuta hauinuki. Alikuwa hajala siku mbili, na huyu aliyekuwa amekaa juu ya jiwe ndiye mtoto aliyembeba mgongoni yeye mwenyewe, mama yao alipokuwa shambani. Mghoi ndiye aliyemfundisha kutembea.

"Usiwaambie, dada," Shali akasema. "Waache waseme mizimu. Hata ukisema, Mwandoe hatarudi."

"Hatarudi," Mghoi akasema. "Lakini wakiamini ni mizimu, hakuna atakayeshuka Kilumi tena. Na hapa kijijini hakuna kingine. Wataisha, Shali. Wako, na wangu, na wa watu."

Akaiokota kamba, akaondoka nayo. Hakuangalia kama anafuatwa.

Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Mwalugha, wakizungumzia mbuzi wa kafara, na mbuzi mwenyewe hayupo. Mwalugha alipomwona akasema kwa upole, "Mama Wakesho, wewe una msiba. Rudi ukae na wanawake wenzako."

"Nimekuja na msiba wangu, mzee wangu. Ndio huu." Akaitandaza kamba mbele yao. "Itazameni mwisho wake. Hii haikukatwa na mtu wala na mzimu. Hii ilifumuka. Haikumaliziwa."

Wazee wakainama. Wakapeana ile ncha mkono kwa mkono. Mmoja wao akafungua mdomo kusema kwamba mwanamke atajua wapi mambo ya kamba, ndipo sauti ikatoka nyuma ya Mghoi.

"Ni kweli anachosema. Ni mimi."

Shali alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, ameshika mti wa ua ule asianguke.

Wajukuu zangu, watu wenye njaa hawahukumu kama watu walioshiba. Mmoja akasema afukuzwe aende nyika, akaliwe na simba. Mwingine akasema simba ni mbali, jabali liko hapa, atupwe. Wakaanza kupiga kelele, ijapokuwa kelele zenyewe zilikuwa dhaifu. Mghoi akawaacha mpaka wakaishiwa pumzi.

"Mkimtupa mtapata nini?" akauliza. "Mtamla?"

Waliokuwa wamesimama wakakaa.

"Ashuke yeye kurina. Alipokuwa kijana alikuwa akishuka."

"Ashuke na nini?" Mwalugha akauliza. "Kamba si hii?"

"Ashuke na hii hii. Mwili wake ni mzima, ubovu uko kwenye kitanzi peke yake. Nitakitengeneza mimi."

"Wewe? Mwanamke?"

"Nionyesheni mwanamume anayejua, nimwachie."

Wakatazamana. Hakuwepo. Shali akapiga hatua moja mbele, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, niache nikirekebishe mwenyewe. Angalau hicho."

Mghoi hakugeuka. "Mikono yako siitaki kwenye kamba hii," akasema. "Miguu yako ndiyo naitaka."

Basi akaanza siku hiyo hiyo, uani kwake, jua likiwa bado halijapanda sana. Hajafanya jambo, akaja mwanamke mmoja akasimama mbele yake. Alikuwa Mkawasi, mke wa Shali.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Sikuja kukuomba umsamehe mume wangu. Hilo ni lako. Lakini atakayening'inia kwenye hicho kitanzi ni yeye, na anayekifuma ni wewe, na jana tu umemzika mumeo. Kwa hiyo nimekuja kukaa hapa. Nitahesabu."

Mghoi akamtazama. Hakukasirika. Angekuwa ni yeye, naye angekuja.

"Hesabu," akasema.

"Na nitakushikia mtoto."

Mghoi akamfungua Mshai mgongoni, akampa. Mtoto alikuwa mwepesi, wajukuu zangu. Maziwa ya Mghoi yalikuwa yamekauka siku nne zilizopita, na Mshai alikuwa ameacha kuyadai.

Akakata zile ncha zilizochakaa. Akafumua kamba upya, urefu wa mkono mzima, akailowesha kwa maji kidogo yaliyokuwemo kibuyuni. Akazisokota nyuzi upya moja moja, akafunga ncha zake zisifumuke. Hapo jua lilikuwa utosini. Akachukua pembe ya mnyama paa iliyochongoka, ya baba yake, akaufungua mwili wa kamba, akapenyeza uzi wa kwanza, akauvuta, akakaza. Akapenyeza wa pili. Akapenyeza wa tatu.

"Mmoja," akasema Mkawasi.

Mikono ya mtu mwenye njaa ni mizito. Kazi ambayo baba yake angeimaliza kabla ya mchana, ilimchukua Mghoi siku ile nzima kufika mzunguko wa pili. Vidole vilikuwa vikipotea, vinashika pasipo. Mara mbili alikosea, akafumua, akarudia. Mkawasi aliona, akangoja. Jua lilipozama wakalala pale pale walipokuwa.

Asubuhi ya pili akapenyeza tena. Juu ya huu, chini ya ule, akakaza.

"Mitatu," akasema Mkawasi.

Ndipo wakaja. Mzee Mwalugha na wengine wote. Wakasimama uani, wamekonda, wanayumba kama mabua.

"Mama Wakesho," Mwalugha akasema, "bado tu?"

"Bado, mzee wangu. Imebaki miwili. Halafu tuining'inizie mawe ilale nayo."

"Usiku wa leo amekufa mtoto wa jirani yangu. Na mama yake hajui kama atafika kesho." Akainama, akaishika kamba, akaivuta kwa nguvu alizokuwa nazo. "Mimi naona imeshika. Mizunguko mitatu si mibaya."

Sasa hapa, wajukuu zangu, hapa ndipo kisa chote kilipo. Acheni kunde kidogo.

Mghoi akamtazama Mshai aliyekuwa mapajani kwa Mkawasi. Macho ya mtoto yalikuwa nusu wazi. Midomo imekauka, ina mistari. Kidole kimoja cha asali iliyochanganywa na maji kingetosha. Na asali ilikuwa pale, chini ya miguu yao, si mbali. Shali akishuka sasa, jua likiinama kidogo asali iko juu. Mizunguko mitatu. Huenda ikashika. Mbona ile ya miwili ilishika siku mbili nzima?

Na hapo akaelewa. Akaelewa ilivyokuwa siku ile, nyuma ya nyumba ya Shali, watu wamesimama, mtoto wa mtu hana nguvu ya kulia. Akaelewa jinsi neno lile linavyokuja, laini, kama rafiki: acha niifunike leo, kesho nitaimalizia. Na alipoelewa, chuki yake haikupungua. Ilipata tu mahali pa kukaa.

Shali akatoka kati ya watu. "Dada, nishushe na hiyo mitatu. Nishushe sasa hivi. Mtazame mtoto. Nikianguka, nimeanguka, ni haki yangu."

"Ukianguka," Mghoi akasema, "hakuna asali."

Akaokota pembe ya paa.

"Dada!"

"Ukianguka hakuna asali, Shali, na hakuna kamba, na hakuna mwingine atakayekubali kushuka. Na hawa wote wanakwisha. Ondokeni mbele yangu, mnanizibia mwanga."

Wakarudi nyuma. Hakuna aliyeondoka. Mghoi akaufungua mwili wa kamba, akapenyeza, akakaza. Akafungua, akapenyeza, akakaza. Alifanya polepole, kwa sababu polepole ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kutokosea. Kila kitu ndani yake kilikuwa kikimpigia kelele akimbie, na mikono haikukimbia.

Mzunguko wa nne ulipoisha, hakusikia hesabu.

Akangoja kidogo bila kuinua macho.

"Wifi," Mkawasi akasema.

"Nasikia."

"Wifi, mtoto..."

"Najua," Mghoi akasema. Alikuwa amejua tangu uzi wa pili wa mzunguko ule. Mama hujua. "Mshike. Umebaki mmoja."

Mkawasi akamkumbatia mtoto kifuani. Watu waliokuwa uani wakatazama chini. Na Mghoi akapenyeza uzi wa kwanza, juu ya huu, chini ya ule, akakaza. Akapenyeza wa pili. Pembe ikateleza ikamchoma kiganja, akapenyeza wa tatu na damu yake, akakaza.

"Mitano," Mkawasi akasema, lakini sauti haikutoka, midomo tu ndiyo iliyocheza.

Mghoi akakata vishungi vya ncha, akaviacha urefu wa kidole. Akaweka kitanzi juu ya jiwe, akakipigapiga kwa mchi mpaka kikalala. Akakipeleka mwenyewe ukingoni, akakivisha kwenye pembe ya jiwe, akawaambia wanaume wafunge mawe mwisho wa kamba, uzito wa watu wawili na mzigo. Wakafunga. Wakayashusha. Akakitazama kitanzi mpaka kamba ilipoacha kuyumba.

Ndipo akamgeukia Mkawasi na kunyoosha mikono. "Nipe sasa," akasema.

Jioni ile wakamzika Mshai ubavuni pa baba yake, ambaye udongo wake ulikuwa haujatulia bado.

Mawe yakalala yananing'inia. Asubuhi Mghoi alikuwa wa kwanza kufika ukingoni. Kitanzi hakikuwa kimesogea hata unywele. Akawaita. Mawe yakavutwa, Shali akafungwa kifuko cha ngozi kiunoni na mwenge wa majani mabichi mkononi. Akashuka.

Muda wote aliokuwa chini, Mghoi alikaa ameweka kiganja chake chenye kidonda juu ya kitanzi. Wengine walisema alikuwa akiomba. Hapana. Alikuwa akisikiliza kwa ngozi, kama uzi wowote utarudi nyuma. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza. Moshi ukapanda. Nyuki wakapanda na moshi, wakawauma waliokuwa juu, wakamuuma na yeye, hakuondoa mkono.

Shali akapanda. Alipofika ukingoni uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na kifuko kilikuwa kimejaa mpaka juu. Watu wakamrukia. Siyo yeye, kile kifuko. Yeye akatambaa kwa magoti mpaka alipokaa dada yake.

"Dada," akasema. "Dada, tuseme umenisamehe?"

"Nimetengeneza kamba, Shali," Mghoi akasema.

Akasimama, akapewa fungu lake la asali ndani ya kibuyu, akaenda nyumbani. Akampa Wakesho. Mtoto akala kwa mikono miwili, asali inamchuruzika mpaka viwikoni. Alipofika nusu akaacha, akasukuma kibuyu kando, kama alivyofundishwa siku zote kumwekea mdogo wake.

Mghoi akakitazama kile kibuyu.

"Maliza," akamwambia. "Maliza yote."

Kijiji cha Ndighiri hakikufa. Shali alishuka kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka mvua iliporudi, na ndiyo maana sisi tupo hapa tunamenya kunde. Watu walimtukana kwa muda, kisha wakasahau, maana walikuwa wakila kwa jasho lake. Kila msimu wa kurina, sega la kwanza alilipeleka mlangoni kwa Mghoi. Mghoi alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaingia ndani.

Unauliza nini? Walipatana? Sema kwa nguvu, wenzako wasikie. Sijui, mjukuu wangu. Aliyenisimulia hakusema walipatana, nami siwezi kutia maneno mahali ambapo hayakuwepo ili ulale vizuri. Alilipokea sega, akasema asante, akaingia ndani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Lakini mliyoyasikia yashikeni. Siku moja mtafanya kazi ambayo roho ya mtu mwingine itaning'inia kwayo. Inaweza kuwa kamba, inaweza kuwa daraja, inaweza kuwa dawa ya mtoto. Na watu watakuja wasimame mlangoni wakuulize, bado tu? Nao watakuwa na haki ya kuuliza. Usiwakasirikie, na usiifunike. Kama bado, waambie bado. Watakuchukia, na huenda nawe ukapoteza kitu ambacho hutakipata tena. Waambie bado.

Haya. Kisa changu nimekitua chini, mabega yangu yamepumzika. Anayekitaka akichukue akibebe taratibu. Asiyekitaka akiruke, asikikanyage. Nipeni hizo kunde.